Kopo la Siagi

Mama amemwaga kopo la siagi mkekani:
vidonge vinabingirika, kimoja mpaka chini ya kabati.
"Hicho cha moyo," anasema, "au cha usingizi. We kiokote tu."

Temeke walimpa vyeupe.
Amana, daktari mwingine, vya njano.
Vya magoti kaazima kwa Bi Mwanamvua, ukuta wa pili,
kama mtu anavyoazima chumvi.
Na alfajiri, kabla ya chai, glasi ya mwarobaini.

Alhamisi alianguka bombani.
Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakamfikia shavuni.
Sisi tukasema: uzee.

Eliakunda wa duka la dawa, Tandika,
hakusema uzee.
Alivaa miwani, akazipanga bahasha za kaki,
akasoma maandishi ya sisimizi mgongoni mwa karatasi,
akagonga meza kwa kidole:
"Cheupe na cha njano ni kitu kimoja, mama.
Majina tu tofauti. Presha umekuwa ukiishusha mara mbili."

Mama akacheka, kicheko cha aibu.
"Kumbe nameza pacha."

Sasa kuna daftari, la mjukuu, lenye hesabu za kujumlisha nyuma;
jua limechorwa, mwezi umechorwa.
Jumatatu tunakwenda nalo kliniki, na kopo zima.
Vya Bi Mwanamvua vimerudi kwao.

Ila jana usiku, nikikunja khanga yake,
nimekuta fundo pindoni:
kidonge kimoja cha njano, kimelainika kwa jasho.
"Cha akiba," akasema gizani.
"Umeme ukikatika, daftari utalisomaje?"