Mizani ya Ghanima

Alhamisi, baada ya alasiri, Kikwajuni,
tunapanda ngazi za Ghanima, ghorofa ya tatu,
tukipumzika kila kituo na kusingizia simu.
Viatu nje. Mabuibui kwenye msumari.
Pete, bangili, hata kibanio cha nywele:
Shemsa anavua vyote kabla ya kupanda,
anashusha pumzi, anafumba macho,
kana kwamba hewa nayo ina kilo zake.

Baba yangu alinifunza mizani nyengine,
kumi na sita kwa mshororo, usizidishe.
Hii ya Ghanima inaishia mia na ishirini;
ukiipita, mshale unazunguka, unarudi sifuri
kama mtu aliyeona jambo akaamua kunyamaza.
"Umepungua!" tunamwambia Mwanakheri,
naye anatuinamia, tucheke vizuri.

Ndipo wakaja watu wa televisheni.
Walitaka mchezo wa kuchekesha, sehemu kumi na tatu,
juu ya kikundi cha watu wanaopunguza unene.
Wakakaa nasi miezi miwili na madaftari yao,
wakaandika namna Vuai, mwanamume wetu pekee,
anavyoapa kuwa chajio chake ni tango
huku masharubu yanamng'ara shira.
Wakapima chumba, wakasifu mapazia.
Aliyepewa kuwa mimi ni msichana wa Bububu,
mwembamba kama kijiti cha mshikaki.
Wakamfunga mto wa kulalia tumboni,
foronya ya maua.
Nikamuuliza, huoni joto?
Akasema, sana, shangazi, lakini jioni nauvua.

Usiku wa sehemu ya kwanza sote tuko kwa Ghanima.
Majirani wamejaa mpaka mlangoni, watoto chini.
Kazija wa kwenye runinga anakalia kiti cha plastiki,
miguu ya kiti inatawanyika kama ya mbuzi mchanga,
na Kazija wetu anacheka wa kwanza, kwa sauti,
kwa mazoea ya mtu ajuaye kuwa akichelewa
wenziwe watamtangulia.
Vuai wa runinga analibembeleza tango.
Tukacheka hadi Shemsa akaomba maji.

Halafu, bila muziki wowote,
yule msichana na mto wake akaingia jikoni.
Usiku. Taa hakuwasha.
Akafunua sufuria taratibu, mfuniko usilie,
akala wali uliopoa, kwa mkono, amesimama,
akikwangua ukoko kwa kucha,
jicho lake liko mlangoni.
Akamaliza. Akaosha sufuria. Akaipangusa.

Mtoto mmoja akauliza, mbona hakai?

Nikatazama sakafu. Mie sikumwambia mtu.
Wallahi, hata marehemu mume wangu
alidhani ni paka.
Nani kanisema? Nikainua macho kumsaka,
nikamkuta Kazija naye anamsaka wake,
Shemsa anachomoa ukindu wa mkeka,
Mwanakheri anaihesabu feni.
Vuai akasema polepole, kama anayekiri deni,
"Nilidhani nimemwambia yeye peke yake."
"Hata mimi," akasema Ghanima.
"Na mimi."
"Na mimi."

Kumbe kila mmoja kampa yule mtoto siri yake,
naye akazishona zote nguo moja,
akanivika mimi nisiyesema kitu.
Ikanienea sawasawa.

Majirani walipoondoka, Ghanima akapasha wali,
akawasha taa ya jikoni, ya ukumbini,
hata ile ya ngazini iliyo ya wote.
"Kaeni," akasema.
Tukakaa. Tukala tunatazamana.
Ukoko tuligombea, Vuai akaupata,
akatugawia na tango.

Alhamisi mshale utasema utakavyo.
Mshororo huu wa mwisho nimeuhesabu kwa vidole:
umezidi. Nimeuacha ulivyo.