Yatokanayo

Ofisi yetu ilipigwa kufuli jipya Jumanne asubuhi,
basi baraza likakaa Lurambi, nyuma ya kinyozi,
juu ya kreti za soda na benchi lenye mguu mbovu.
Mimi, katibu, nikaandika kama kanuni zinavyotaka.
Waliohudhuria: sita.
Waliotoa udhuru: mmoja, Nekoye, yuko maabarani.
Waliokosa bila udhuru: pesa za mkopo,
zilizoahidiwa tangu mwezi wa tisa.

Mwenyekiti Mulongo akasimama, na Mulongo akisimama
hata wembe wa kinyozi husita shavuni.
Alitaka barabara. Alitaka filimbi, matawi ya mkaratusi,
tushuke mjini mpaka wajue tupo.
Nikaandika: mwenyekiti alitoa pendekezo.
Sikuandika kwamba kreti ilipigwa teke,
wala kwamba mwaka juzi, kwenye barabara hiyo hiyo,
Kurgat wa uhandisi aliacha jicho lake la kushoto.

Apondi, mweka hazina wa hazina isiyo na ndururu,
alingoja kelele zichoke zenyewe.
Kisha akatoa daftari la kurasa tisini na sita,
limevikwa mfuko wa maziwa kwa ajili ya mvua.
Usiku nne alikuwa akibisha milango,
bweni kwa bweni, halafu vyumba vya kupanga,
Amalemba, Sichirai, mabanda wanamolala wanne kwa zamu,
akiandika jina, nambari ya usajili, deni,
na safu ya nne aliyoibuni mwenyewe:
leo umekula nini.
"Kabla hatujapaza sauti," alisema,
"tujue tunampazia nani."

Katiba ya chuo tuliikuta ukutani maktabani,
imefunikwa na tangazo la kalkuleta iliyopotea.
Kipengele cha kumi na saba: mwenye deni asikilizwe
kabla hajanyimwa mtihani.
Asikilizwe. Tulilinakili neno hilo mara tatu,
tukalipigia mstari,
kama mtu anayeokota sarafu na kuiuma kwa jino.

Alhamisi, saa nane na nusu. Viti vya ngozi, chupa za maji.
Naibu msajili alitabasamu kwa upole wa mtu
ambaye kadi yake ya mtihani aliipata zamani.
"Hao," alisema, "ni wachache tu."
"Wachache ni wangapi?" akauliza Apondi,
na bila kungoja jibu akafungua daftari.

Mia mbili na kumi na wanne.
Aliwasoma mmoja mmoja, na deni, na mlo.
Uji. Ndizi mbili. Hakuna. Githeri ya jana. Hakuna.
Saa tisa mvua ya Kakamega ikafika bila kupiga hodi,
ikatwanga mabati, naye akapandisha sauti juu yake.
Nikaandika: mvua ilinyesha; usomaji uliendelea.

Nambari tisini na saba.
Lihanda, Bramwel. Elimu. Elfu thelathini na nane. Chai kavu.

Kanuni hazisemi katibu afanye nini
akisikia jina lake likipita mezani.
Usiku ule mlangoni nilimsihi aniruke.
Hakuniruka.
Nikaandika Lihanda, Bramwel,
kwa mwandiko ule ule, kama mtu nisiyemjua.

Penye mia moja na hamsini sauti yake ikakatika.
Mulongo, yule wa filimbi, akalipokea daftari
na kuendelea polepole,
kama anayesoma majina ya wagonjwa nje ya wodi.

Ijumaa jioni kadi mia moja na sabini na tatu zikatoka.
Wenye deni la zaidi ya thelathini na tano, wangoje.
Uwanjani walimbeba Mulongo juu juu,
naye akapiga kelele ashushwe, hesabu haijaisha.
Mimi nilikuwa chumbani na ukurasa mpya,
nikinakili majina arobaini na moja
chini ya kichwa nilichokipigia mstari kwa rula: Yatokanayo.

Saa mbili usiku mlango ukabishwa.
Apondi, amelowa, kalamu sikioni,
mfuko wa maziwa ukichuruzika.
Hakunipa pole. Alifungua daftari,
akatafuta safu ya nne.
"Haya, Bramwel. Leo?"