Stakabadhi

Ofisi yetu Newala iko juu ya ghala la chama cha msingi,
msimu ukifika kila fomu hunuka maganda ya korosho.
Chini wanapima magunia. Juu tunapokea simu.
Hakuna anayeshangaa. Huku mtoto wa darasa la pili anajua:
mali ikikutoka mkononi bila stakabadhi, umeigawa.

Filomena Likunama aliileta yake ndani ya kopo la maziwa ya unga,
imevishwa soksi ya mtoto.
Alivuka Ruvuma ameiinua juu ya kichwa,
kiganja kimefunika kioo,
hajui aogope maji au mwanga.

Nikavaa glavu. Nikaandika: saa nne na dakika kumi na mbili,
nyeusi, kioo kimepasuka, chaji asilimia sitini na moja.
Sitini na moja? Za wengine hufika zimekufa.
"Naichaji kila siku. Mia tatu, kwa fundi wa stendi.
Miaka miwili na miezi. Piga hesabu mwenyewe."
Sikupiga.

Nilipaswa kumwambia kwamba kila alipoifungua
aliacha nyayo zake juu ya nyayo tunazozitafuta,
na wakili wa upande wa pili, huko kwenye viti vya ngozi, atauliza:
usiku wote ule, aliyekuwa nayo alikuwa akifanya nini?
Alikuwa akimsikiliza mwanawe akihema.
Fomu haina safu ya hilo.

Video ina sekunde thelathini na mbili.
Nyumba inawaka. Buti, jozi mbili, moja haina kamba.
Kivuli cha mkorosho kimelalia kushoto:
kwa kivuli tutaijua saa, kwa paa la shule tutakijua kijiji.
Anayeshika simu haonekani.

Mashine ilinakili chembe kwa chembe mpaka adhuhuri
kisha ikatoa namba yake, herufi na tarakimu sitini na nne;
gusa nukta moja tu, zote zinageuka.
Nikamsomea hadi mwisho.
"Ndiyo daraja la kwanza?" akauliza.
Nikamjibu sisi hatuna madaraja. Nilidanganya.

Maana mashine ilifukua na kilichofutwa.
Sekunde tisa, za mwishoni.
Nilipunguza sauti nikiwa nimechelewa,
alikwishasimama.
"Hizo nilizikata mimi," akasema, sasa kwa Kimakonde.
"Moto ni wa mahakama. Buti ni za mahakama.
Hizo aliniambia mimi."

Nikizitoa, video nzima inageuka uongo.
Nikiziacha, majaji watazisikia kwa tafsiri,
na mkalimani ataomba maji kwanza.

Nikaandika: Sauti ya mwanamume. Kimakonde. Maneno kumi na moja.
Yalifutwa na mwenye simu, yamerejeshwa.
Maneno yenyewe ataandika mwingine.
Hapa pia nayaruka.

Ikabaki sahihi. Hajui kuandika, nikamsogezea wino.
Amebangua korosho hapa misimu miwili;
mafuta ya maganda yamemla vidole.
Mara ya kwanza, doa. Mara ya pili, doa.
Mara ya tatu nikaiweka karatasi kwenye mwanga wa dirisha:
jeusi, laini, halina mstari hata mmoja.
Nikaandika pembeni, *ni dole gumba lake, nimeona*,
nikatia sahihi yangu, ambayo mtu yeyote anaweza kuighushi.

Simu ikaingia kwenye mfuko usiopitisha mawimbi.
"Inakwenda ghala gani?"
Nikamtajia mji. Akajaribu kuutamka, akaacha.
"Na malipo ya pili, lini?"
Chini gunia lilipasuka, wapagazi wakaanza kulaumiana,
na mimi nikajifanya nimeitwa.

Jioni nilipita stendi kununua vocha.
Alikuwa kwenye foleni ya fundi wa chaji, mtu wa nne kutoka mbele,
kopo kifuani, ndani soksi na karatasi yangu.
Foleni ikisogea, naye anasogea.