Moyo wa Dekio

Otara, kusini mwa Auckland, saa kumi na moja alfajiri.
Lagimalie anashuka basi, zamu imekwisha,
mkononi saa mpya, zawadi ya kampuni ya bima:
tembea hatua elfu kumi kwa siku, tukupunguzie ada.
Saa inasema ametembea elfu mbili mia moja na kumi na nne.
Wodi saba amezipiga deki usiku kucha.
Na ngazi zake.

Jumanne alikuja maabara kwetu,
akaisukuma saa mezani
kama mtu anayerudisha samaki aliyechina.
"Hii," akasema, "haijui kazi."

Mimi, Ranjula, ndiye mfunga mikanda.
Nailowesha, naizungusha vifuani mwa watu nisiowajua,
nawaomba radhi kwa ubaridi wake,
kisha nawasha mashine ya kutembelea.

Callum, mpiga makasia, alitangulia.
Mkanda: mia thelathini na moja.
Saa: mia thelathini.
Nikasema hawa wawili wamelala mto mmoja.

Kisha yeye.
Mwanga wa kijani ukabisha hodi kwenye kifundo cha mkono,
ukakuta ngozi yenye rangi yake, imeshiba jua na urithi;
ukapiga hatua, ukakuta tojo,
bangili ya wino aliyochorwa Savai'i mwaka aliomzika mama yake,
meno ya papa, safu juu ya safu,
ukarudi mikono mitupu.
Mkanda: mia arobaini na sita.
Saa: themanini na nane.
Halafu vistari viwili.
Halafu swali: Je, umenivaa?

Alicheka hadi nikazima mashine.
"Mwambie nimemvaa. Mwambie yeye ndiye hajanivaa mimi."

Sitaki kusema uongo, si ngozi peke yake.
Tevita, mweusi kumpita, saa ilimsoma vizuri tu.
Bi Soo-yeon, mweupe kama karatasi, ilimpoteza dakika sita
kwa sababu kifundo chake ni chembamba na saa ilicheza.
Dakta Hollis anasema tungoje, watu kumi na tisa hawatoi hukumu.
Kweli.
Lakini nilifungua kijitabu cha watengenezaji,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
usahihi, asilimia tisini na sita.
Wa nani?
Nikapekua hadi ukurasa wa mwisho:
vijana arobaini na wawili, klabu moja ya baiskeli,
ngozi ya kawaida.
Kawaida!
Neno fupi, lakini lina lango na bawabu.
Hao arobaini na wawili hakuna aliyewangojea wamalize.

Na zile hatua? Nilimwomba anisukumie toroli ukumbini,
huku na huku, mara mia, nikihesabu kwa mdomo.
Saa ikaandika tisa.
Mkono ulioshika toroli haupungi,
na saa huhesabu mikono inayopunga.
Hatua, kumbe, ni mali ya wasiobeba kitu.

Alipokuwa akivaa viatu aliniita.
"Njoo uone ninachofanya kazini, wenzangu wakichoka."
Akavua saa, akachukua dekio letu lililoegemea kona,
akaifunga saa kwenye mpini, akakaza tundu la mwisho.
Tukangoja.
Mwanga ukabisha kwenye mti mkavu.
Sabini na mbili, ikaandika saa.
Sabini na moja.
Sabini na mbili.
Moyo mtulivu, moyo wa mtu aliyelala vyema,
asiye na deni, asiye na zamu.

Nimeiandika kwenye jedwali, mstari wa ishirini,
chini ya jina la Lagimalie.
Safu ya kabila nimeiacha wazi.
Dakta Hollis ataifuta kesho, ana haki.

Yeye alikwishaondoka, vidole viwili shingoni,
akihesabu kimoyomoyo kuelekea kituoni,
midomo ikicheza,
na basi la saa nne lilimngoja.