Cha Tatu

Kiboroloni, siku ya mnada,
chini ya rundo la makoti ya baridi ya watu wengine,
nilivikuta: cha kwanza, cha pili, cha nne, cha tano.
Nikauliza cha tatu. Muuzaji akakung'uta gunia.
"Dada, mimi nauza kwa uzito. Sihesabu."

Mwisho wa cha pili, Saive anaingia pangoni kwa joka.
Mwanzo wa cha nne yuko jangwani, ana mkono mmoja,
na hakuna anayeeleza.

Basi mkono ule niliukata mimi.
Mwaka mzima hapa Njoro, nikinyoosha mashati ya watu wa benki,
niliukata kwa upanga, kwa jino, kwa jiwe la kusagia,
hata siku moja, mvua inanyesha, nikaamua:
aliutoa mwenyewe. Rehani.
Joka limwachie mdogo wake apite.
(Ndio mwaka niliopeleka cherehani ya mama kwa mkopeshaji,
Anaeli apate ada.
Cherehani haikurudi.)

Ikaja filamu. Kwa Mbaruku, Pasua, shilingi mia tano,
na mkalimani anapaza sauti juu ya sauti zao:
"Oya Saive, toka hapo, huyo si mjusi!"
Cha tatu walikiruka kama dimbwi.
Saive wao ana mikono miwili, safi, ya kupigia picha.
Ulipotokea mlima wao wa moto, wa kompyuta,
kibanda kizima kiliangua kicheko,
maana nje, nyuma ya choo,
Kibo alikuwa amejifunua bila kumwita mtu.

Mwaka huu Ndeshi wa duka la vocha
akanitilia kitabu cha sauti kwenye simu.
Cha tatu. Saa kumi na nne na dakika tisa.
Sikio moja nikampa msomaji, moja nikawaachia wateja.
Sura ya sita ana mafua, anameza mate kabla ya vita;
hapo nilimpenda.
Ila anamwita Sevu. Sevu!
Miaka kumi na tisa nimemsoma Sa-i-ve,
silabi tatu, kama mtu wa kwetu.
Nikasimamisha, nikamrekebisha kwa sauti,
peke yangu, pasi mkononi.

Sura ya ishirini mkono unaoza.
Basi, ndiyo hivyo. Mwiba, siku tisa, dawa haipo.
Hakuna rehani. Mdogo mtu hatajwi.
Joka limelala sura nzima.

Nikaunguza kola ya mwalimu Lyatuu.
Alipokuja kuuliza imekuwaje,
nikamwambia ni mwiba.
Akaniangalia sana, akalipa nusu.

Zimebaki dakika arobaini. Sijazifungua.
Zimekaa mle simuni kama chakula cha mgeni
aliyesema anakuja, asiseme lini.

Jana usiku Anaeli kapiga kutoka Arusha.
Ana ofisi siku hizi, ana kiti kinachozunguka.
Tuliongea mvua, tukaongea bei ya ndizi,
kisha, bila sababu, kama mtu anayepapasa mfukoni:
"Hivi dada, ule mkono wa Saive, ilikuwaje kitabuni?"

Alimtaja kwa silabi zote tatu.

Pasi ilikuwa inapoa.
Nikamwambia: rehani.
Akanyamaza.
Nikasikia, upande wa pili,
kile kiti kikiacha kuzunguka.