Ratiba ya Rimvydas

Kisanduku kina vifuniko kumi na vinne.
Jumapili jioni ninakijaza, redio ikiwa imezimwa.

Baba aliendesha basi la nyaya mjini Kaunas
miaka thelathini na moja,
hadi mkono wake wa kulia ulipoanza kucheza peke yake
kituoni Šančiai, abiria wakidhani anawapungia.

Sasa anaendeshwa yeye.

Kile cheupe cha asubuhi
kinashusha uvimbe kichwani na kuupandisha usoni.
Amepata mashavu ya mtoto mchanga
na njaa ambayo si yake.
Saa tisa usiku nilimkuta mbele ya jokofu,
mkate mweusi mkononi, mdomo mwekundu kwa supu ya bitiruti,
akanitazama kama mwizi aliyefumaniwa na mwenye nyumba.
Nilitafuta kijiko cha pili.

Kile cha manjano, asubuhi na jioni, kinafunga mlango wa kifafa
na kuacha dirisha la hasira wazi.
Juzi alilitukana birika.
Jana, mimi.
Nilikisoma kile kikaratasi chenye herufi za sisimizi
mpaka nikaliona neno lenyewe: ukali.
Nikamsamehe birika lake, na langu.

Halafu zile kapsuli.
Siku tano kati ya ishirini na nane, usiku, tumbo tupu,
nusu saa baada ya kidonge cha kuzuia kutapika.
Mimi nazishika kwa glavu, ndivyo nilivyoagizwa.
Yeye anazimeza.

Daktari Jurgita hakuzungusha maneno:
hii haing'oi, Austėja, hii inachelewesha.
Inachelewesha!
Mtu aliyewahi kukatwa mshahara kwa dakika nne
leo anameza sumu ili achelewe.

Majina yanamtoka moja moja, kwa mlango wa nyuma.
Kijiko ni "ile ya kubebea".
Theluji ni "kelele nyeupe".
Mimi, tangu Alhamisi, ni "kituo kinachofuata",
nami huitika.

Lakini kila ninapobana kifuniko, tak,
kutoka kitandani inakuja sauti ile ya kazini,
kamili, bila kukwama hata silabi:
"Tahadhari. Milango inafungwa."

Kumi na vinne. Nafunga polepole.