Taarifa ya Safari

Mashine ililia mara moja, ikanyamaza.
"Imekataa," binti wa kaunta akasema kwa upole,
kama anayenijulisha kwamba nina doa shavuni.
Nyuma yangu foleni: mzee na mkate wake,
mama na beseni jekundu, mtoto kalala mgongoni,
wote wakivikagua vitu vyangu:
mchele kilo ishirini, mafuta ya kupikia, sukari,
sabuni za mche, majani ya chai,
na blanketi sita za wageni wa matanga ya baba mdogo.
"Jaribu tena."
Akajaribu. Ikakataa kwa sauti ileile.

Na pesa zipo. Naapa zipo.
Ila Jumanne, pale uwanja wa ndege wa Kisumu,
kijana aliyenikodisha gari alizishika:
krona elfu tisa. "Si malipo, dada, ni dhamana tu.
Ukilirudisha zima, zitaachiliwa."
Sijazitumia na siwezi kuzitumia.
Hazijaondoka, na hazipo.
Hali hiyo naijua.
Mwaka wa kumi na moja huu naiishi, Gothenburg.

Shangazi Perpetua, muuza omena wa Kibuye,
hakuuliza kulikoni.
Alifundua pindo la leso, akatoa simu ya vibonye,
kioo chake kimefungwa kwa utepe wa gundi.
"Kikomo changu cha Fuliza ni elfu nne na mia tano,"
akatangaza, foleni nzima isikie.
"Asubuhi nimekula mia tisa, za magunia na mkokoteni.
Imebaki elfu tatu na mia sita.
Na lazima niirudishe upesi,
maana deni hili huzaa usiku, kama panya."
Hesabu hiyo ilimtoka bila kukwama,
kama majina ya wanaokula omena wake kwa mkopo.
Mimi, mwenye kadi ya rangi ya dhahabu,
yangu sikuijua.

Tukarudisha blanketi. Tukarudisha sukari na sabuni.
Mama wa beseni akatusaidia kubeba mchele.

Usiku, Nyalenda, nyuma ya turubai la msiba,
nilisubiri benki inipokee.
Kinanda kikapiga wimbo mmoja mara kumi na nne
huku mbu wakinifanyia hesabu yao miguuni,
na salio la simu likiyeyuka.
Hatimaye, mtu. Sauti changa, safi, isiyo na usingizi.
"Kwa usalama wako, taja mtaa ulikokulia."
"Nyalenda."
"Naomba herufi mojamoja."
Nikamgawia mtaa wetu herufi moja baada ya nyingine,
N, kisha Y, kisha A,
akina mama wakiimba hatua kumi kutoka nilipo.
"Sahihi," akasema. "Je, uko safarini?"

Nilikawia kujibu.
Pua yangu ilijaa moshi wa kuni na harufu ya maji ya ziwa.
"Nipo safarini," nikasema.

Basi kikomo kitaongezwa, kwa muda,
mradi nijaze taarifa.
Nchi unayozuru: Kenya.
Sababu: likizo, biashara, masomo, nyingine.
Nikabonyeza "nyingine".
Tarehe ya kurudi nikaiacha wazi.
Ukurasa ukagoma, ukaniwekea nyota nyekundu:
sehemu hii ni ya lazima.

Shangazi akanijia na kikombe cha chai isiyo na sukari.
"Wamekubali?"
"Wamekubali."
"Mpaka lini?"
Nikamtajia tarehe.
Akaihesabu kwa vidole, mkono mmoja, kisha wa pili,
akakirudia kidole cha mwisho.
Halafu akaketi.
"Haya. Kesho tuamkie kwa blanketi,
kabla hawajabadili nia.
Na zile elfu tatu na mia sita, mwanangu,
nitumie sasa hivi.
Saa sita inakaribia."